Nyumba Hii Haiuzwi: Hotuba Kuhusu Kununua Mali za Mirathi Jijini Mwanza

Hotuba hii niliitoa Nyegezi mbele ya wanavikundi vya kuweka na kukopa, madalali na wapangishaji wa Nyamagana na Ilemela. Wengi walikwamishwa na mvua na wameomba wapate yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, picha za ukutani tu ndizo nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, kaka zangu, dada zangu, mwadila. Na ninyi vijana wa udalali mliojipanga karibu na mlango ili simu ikiita mtoke upesi, nawaona. Leo zimeni simu, nyumba hazikimbii.

Nani hapa hajawahi kuyaona maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI? Ukitoka hapa kwenda mjini kwa Mkuyuni na Igogo, utayaona. Ukipanda Mabatini utayaona. Kirumba na Kitangiri, vilevile. Wengine wanaongeza: MATAPELI KAENI MBALI. Wengine wanaweka na namba ya simu.

Sasa niwaulize. Anayeandika maneno hayo ni nani? Mtu mwenye nyumba yake, ana hati yake, hana ugomvi na mtu, atatoka asubuhi kununua kopo la rangi aharibu ukuta wake mwenyewe? Hawezi. Anayeandika amesikia kwamba kuna ndugu yake anauza. Kaka yuko Dar es Salaam anatafuta mteja, dada aliyebaki Mwanza na ufunguo anatafuta brashi. Baba alifariki zamani, mirathi ama haikufunguliwa, ama ilifunguliwa haikufungwa. Maandishi yale ni tangazo kwamba ndani ya nyumba hii kuna kazi haijakwisha.

Dalali mwenye haraka akiyaona anapita. Tapeli akiyaona anafurahi. Mimi nasimama, na nimekuja leo kuwaeleza kwa nini nasimama.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote ni mifano. Pesa halali katika nyumba ya mirathi inatokana na kazi ya kuimaliza mirathi. Ukienda kutafuta bei ya msiba, utanunua kesi. Ukienda na subira ya kuifuata karatasi hadi ya mwisho, utanunua nyumba, na familia itakusalimia barabarani.

Tuanze na zinakotoka nyumba hizi, maana Mwanza ina zake. Reli ilifika hapa mwaka 1928. Ikaja pamba, vikaja vyama vya ushirika, vikaja viwanda, Mwatex na vingine, na miaka ya tisini vikaja viwanda vya minofu ya sangara. Kila wimbi lilileta wanaume wenye mshahara, kutoka Kwimba, Magu, Ukerewe, Bukoba, Musoma, hata Kigoma. Walijenga Mabatini, Igogo, Kirumba, Pasiansi, Nyakato. Chumba kimoja, halafu viwili, halafu banda la uani la wapangaji. Wazee hao sasa wanatutoka mmoja mmoja. Watoto wako Dar, Arusha, Dodoma, mmoja yuko Canada. Nyumba ina vyumba vinane vya wapangaji na kodi inapokelewa na mtoto mmoja, yule aliyebaki. Wenzake wanamuuliza kwenye kundi la WhatsApp la familia, anajibu bomba lilipasuka. (Naona mnacheka. Wengine mnacheka mkiangalia chini.)

Hiyo ndiyo nyumba ya mirathi ya Mwanza. Haina bango la dalali. Unaitambua kwa paa lisilotengenezwa miaka mingi huku vyumba vimejaa, kwa mpangaji anayekuambia hajui mwaka huu amlipe nani, kwa ukuta ulioanzwa ukaachwa kwenye linta. Unaitambua pia mahakamani: maombi ya mirathi yakifunguliwa, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ubao wa matangazo wa Mahakama ya Mwanzo ni wa watu wote, na kuusoma ni bure. Ni madalali wangapi hapa wanausoma? Naona mkono mmoja. Ahsante kwa ukweli.

Lakini kuna mahali hamtaniona nikitafuta nyumba, na ninaomba nanyi msionekane: msibani. Kijana mmoja alikwenda kwenye matanga kule Nyakato, akakaa na wazee kwenye moto, akala wali, na kabla matanga hayajaanuliwa akawa ameshamwita mtoto wa kwanza pembeni kumwambia ana mteja wa pesa taslimu. Wajomba walimtoa. Familia ile iliuza baadaye, tena kwa utulivu kabisa, lakini yeye hakukanyaga pale. Subiri arobaini ipite, na bado uende kwa mzee wa ukoo anayekujua, useme shida yako mchana kweupe.

Haya, tuingie penye uzito. Anayeuza nyumba ya marehemu ni nani?

Ni mtoto wa kwanza? Hapana. Ni mjane? Hapana. Ni kikao cha ukoo? Hapana! Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au msimamizi wa wosia aliyethibitishwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Muhtasari wa kikao, hata ukiwa na sahihi 20 na muhuri wa mtaa, ni pendekezo tu.

Nawapa kisa. Kuna mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, mtu makini kwenye dagaa, anajua gunia likidanganya kwa kulinyanyua tu. Alinunua nyumba Igogo kutoka kwa kijana mkubwa wa marehemu. Aliletewa muhtasari wa ukoo, cheti cha kifo, barua ya mtaa. Akalipa zote kwa mkupuo mmoja, mbele ya mashahidi, wakapiga na picha. Alipoanza kubomoa banda la uani wakaja kina mama wawili na wakili. Walikuwa mabinti wa marehemu, wa mama mdogo aliyekuwa akiishi Sengerema. Hawakuwa kwenye muhtasari. Kumbe mirathi haikuwa imefunguliwa popote. Kijana aliuza kitu ambacho kisheria hakikuwa mikononi mwake, na mzee wetu wa dagaa akawa na karatasi nyingi za kueleza jinsi alivyolipa, hana hata moja ya kueleza jinsi alivyopata. Nyumba ilirudi kwa warithi. Pesa yake anaidai kwa kijana ambaye simu yake haipatikani.

Sasa karatasi. Andikeni, hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Mirathi nyingi za hapa kwetu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Pale msimamizi hupewa barua ya uteuzi, wengi mnaiita Fomu Na. IV. Wanunuzi wengi wanaishia hapo: ana Fomu IV, ana muhuri wa mahakama, tumlipe. Ndugu zangu, Fomu IV ni mlango wa kuingilia tu. Ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe, msimamizi anatakiwa arudishe mahakamani Fomu Na. V, yaani orodha ya mali zote na madeni yote ya marehemu. Baadaye analeta Fomu Na. VI, hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa, kilichogawiwa na kwa nani. Mirathi ikiwa ya Mahakama Kuu, orodha inatakiwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Mahakama inaweza kuongeza muda ikiombwa.

Kwa hiyo ukikutana na msimamizi, maswali yako ni haya. Nyumba hii imo kwenye Fomu V? Kama haimo, kwa nini? Warithi waliotajwa ni wangapi, na ni wale wale niliowasikia mtaani? Kuna mtoto chini ya miaka 18? Kama yupo, fungu lake linalindwaje? Usiridhike na nakala anayokuletea mkononi. Chukua namba ya shauri, nenda masjala ya mahakama ile, uone jalada kwa utaratibu wao. Barua za kughushi zipo. Pia zipo barua za kweli zilizokwisha kufutwa, mwenye nazo bado anatembea nazo kwenye bahasha.

Na swali ambalo hata mawakili wengine hulipita: je, mahakama hiyo ilikuwa na mamlaka? Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Marehemu aliyefunga ndoa ya Kikristo, akaishi maisha ambayo hayakufuata mila, mirathi yake inaweza kupingwa kwa hoja kwamba ilifunguliwa mahali pasipostahili. Mwanza hii ina waumini wangapi wa kanisa waliofunguliwa mirathi Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa ni karibu na ni rahisi? Wengi sana. Sisemi zote ni batili, mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi. Nasema muulize wakili kabla hujatoa shilingi, maana mrithi aliyekasirika atamuuliza wakili wake.

Kama nyumba ina hati, kuna hatua nyingine. Msimamizi kwanza asajiliwe kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ahamishe kwako. Jina la marehemu haliwezi kuruka moja kwa moja hadi kwako, marehemu hasaini. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Upekuzi utakuonyesha kama kuna mkopo wa benki, kama kuna zuio, kama mzee aliwahi kumhamishia mtu mwingine kabla hajafa. Nimeona familia ikigombana kwa nguvu zote juu ya nyumba ambayo mzee aliiweka rehani na hakumwambia mtu.

Tuje kwa wajane na mabinti. Nataka akina mama wanisikilize vizuri, na wanaume wanisikilize zaidi.

Kuna hukumu iliyotolewa hapa hapa Mwanza, Mahakama Kuu, mwezi Februari 1990, na Jaji Mwalusanya. Kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bibi Holaria alikuwa wa Muleba, ng'ambo ile ya ziwa. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Akazeeka, hana wa kumtunza, akaliuza shamba mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, tena kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani: mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa, bibi akaambiwa arudishe pesa. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Ikaja hapa, na jaji akasema mila hiyo inagongana na Katiba, ambayo tangu 1984 ina haki za binadamu ndani yake, na kwamba mwanamke anaweza kurithi ardhi ya ukoo na kuiuza kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Kwa nini nawasimulia wanunuzi kesi ya zamani hivyo? Kwa sababu bado nakutana na vikao vya ukoo, mwaka huu, vinavyoandika majina ya wavulana tu. Mnunuzi anafurahi: sahihi ni tatu tu badala ya nane! Anaona ni wepesi. Hajui kwamba kila binti aliyeachwa nje ya karatasi ni kesi inayomsubiri, na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Miaka 12! Utajenga, utapangisha, utasomesha, na bado yule dada yuko ndani ya muda wake.

Nisiwadanganye, sheria zetu zina mgongano. Kanuni za mila za mirathi zilizoandikwa mwaka 1963, zinazomnyima mjane fungu, hazijafutwa. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, mafundi cherehani, walizipinga hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewakosea. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana: mjane mwenye watoto anapata thumuni, binti nusu ya fungu la kaka yake. Sasa mnunuzi afanye nini katikati ya yote haya? Aanze na swali la mbele zaidi: hivi nyumba yote ilikuwa ya marehemu? Kama mume na mke waliijenga pamoja, sehemu ya mke haiingii kwenye mirathi, ni yake akiwa hai. Na kazi ya nyumbani nayo ni mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983. Kwa hiyo mjane anayekaa ndani ya nyumba unayoitaka humuiti "mama anayetuzuia". Yeye mara nyingi ndiye muuzaji wako mkubwa kuliko wote, na yeye ndiye wa kwanza wa kukaa naye. Asipotaka kutoka, hakuna biashara. Mwache. Nyumba Mwanza ni nyingi.

Na nyumba ndogo, mnajua ninazozisema. Mwanza ni mji wa bandari na reli, wanaume wetu walisafiri. Uliza Ukerewe, uliza Geita, uliza Mara. Usimuulize mjane kwa ukali, muulize mdogo wake marehemu mkiwa wawili.

Nimewatisha vya kutosha. Sasa faida iko wapi?

Nawapa kisa cha Nyamanoro. Nyumba ya mzee mstaafu, warithi saba, hati ipo lakini kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka mingi na adhabu imepanda juu yake. Msimamizi aliteuliwa, Fomu V hakupeleka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kushughulikia wala moyo wa kuanza. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Wanunuzi walikuja wengi, kila mmoja anauliza bei ya mwisho. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, hakuuliza bei. Aliuliza: mmekwama wapi?

Hilo swali ndilo lililomuuzia nyumba. Wakakubaliana mbele ya wakili kwamba atalipa gharama za kufungua tena njia: wakili, tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, deni la pango la ardhi, nauli ya warithi wawili kuja Mwanza kusaini. Gharama hizo zikaandikwa kama sehemu ya bei, na kama uuzaji ungeshindikana zingerudishwa kutoka kwenye kodi ya wapangaji. Tathmini ikawekwa mezani, warithi wote wakaiona. Bei ikawa chini ya tathmini kwa kiasi kilichoeleweka, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kazi na kungoja. Hakuna aliyejiona ameibiwa.

Kulipa je? Hapa sikilizeni. Msimamizi kisheria ana uwezo mkubwa, ndiye anayesaini. Lakini mwalimu huyu alitaka sahihi za warithi wote saba, watu wazima wote, na wenza wao wakiwa mashahidi, kwenye hati ya ridhaa. Malipo ya kwanza madogo wakati wa kusaini. Kubwa likakaa kwa wakili hadi msimamizi aliposajiliwa kwenye hati na kibali cha uhamisho kupatikana. Kisha kila mrithi akapokea fungu lake benki, kwa akaunti yake mwenyewe, na stakabadhi zikaambatishwa kwenye Fomu VI. Hakuna burungutu lililowekwa mezani sebuleni. Unajua burungutu likiwekwa sebuleni kinachofuata? Mjomba anatoa posho ya ukoo, shangazi anadai deni la mazishi, na mrithi wa saba anaambiwa lake litakuja. Lisipokuja, atakuja yeye kwako.

Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia, na katikati kaka mmoja alibadili mawazo akashawishiwa na dalali mwingine. (Simtaji, yumo humu ndani.) Kaka yule alirudi mwenyewe alipoona dalali huyo hana karatasi, ana maneno.

Fursa si kununua tu. Kuna familia haitaki kuuza, na ina haki. Kule Mabatini ndugu wanne walikuwa na kiwanja cha baba kando ya barabara na nyumba ya tope inayoanguka. Mwekezaji akajenga fremu za maduka kwa mkataba: yeye anapangisha miaka waliyokubaliana, kisha majengo yanabaki kwa familia. Na kuna mrithi mwenyewe! Ninyi mlio hapa, wangapi ni warithi? Karibu wote. Mrithi anayeweza kuwalipa wenzake mafungu yao kwa tathmini ya wazi anaanza mbele ya mnunuzi yeyote, anaijua familia, anaijua nyumba. Vikundi vyenu vya kukopa vingefanya jambo la maana kama vingekopesha kwa ajili hiyo, kuliko kukopesha kwa ajili ya sherehe. Nimesema, mnisamehe.

Kununua fungu la mrithi mmoja kabla mali haijagawiwa? Sishauri. Unajiingiza kwenye familia isiyo yako.

Ardhi yenyewe nitaipitia haraka maana muda umekwenda. Mashamba ya mirathi upande wa Usagara, Kigongo na ng'ambo Busisi yamepanda bei tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025, takribani kilomita 3 juu ya maji, na watu waliokuwa wakilaza magari kusubiri kivuko sasa wanapita bila kusimama. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, nayo imewaamsha watu wa Fela. Ukoo uliosahau shamba la babu umekumbuka ghafla. Basi jueni kwamba ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mkataba wa pembeni. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na mirathi lazima iwe imefunguliwa vilevile.

Viwanja vya ufukweni, Luchelele na kwingineko: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na ukingo wenyewe unatembea. Mwaka 2020 maji yalipanda, 2024 yakapanda tena, watu wakahama nyumba. Mzee alipanda mwembe 1985 mbali na maji, leo mwembe unapigwa na mawimbi. Warithi wanakuuzia eka mbili, ukitoa mita 60 unabaki na nini? Peleka mpima kabla ya kupeleka pesa. Vilimani nako, Isamilo na Bugando, angalia jiwe. Mandhari ni nzuri, choo utachimba wapi?

Kodi: anayeuza anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza mali, kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na uhamisho una ushuru wa stempu asilimia 1. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, lakini pango la ardhi halikatwi kwenye LUKU, ndilo linalojificha. Andikeni kwenye mkataba nani analipa lipi. Familia nyingi hukubali bei zikidhani ni pesa ya kugawana yote, halafu siku ya TRA wanakugeukia wewe.

Swali moja lilitoka kule nyuma kabla sijaanza, naomba nilijibu. Mzee aliuliza: sisi tuna nyumba Pasiansi, baba alifariki 2009, hatujafungua mirathi mpaka leo, je tumechelewa? Mzee wangu, mnaweza kwenda. Mahakama itataka maelezo ya kwa nini mmekaa muda wote huo, muwe nayo kwa maandishi, na ya kweli. Tafuteni cheti cha kifo RITA kama hakipo. Fanyeni kikao, na mabinti wawemo, muandike muhtasari. Orodhesheni wapangaji na kodi iliyopokelewa, hata kama itawaaibisha. Na yule mwenzenu aliyeandika ukutani kwa rangi nyekundu, msimsute. Mpeni kazi ya kutunza nyaraka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeilinda nyumba ikawepo hadi leo.

Chai iko tayari. Wenye nakala za Fomu IV au V wasiozielewa, meza ya kushoto kuna wakili, atazisoma nanyi hadi saa 10 bila malipo. Wenye hati za wazazi zenye majina mawili tofauti na ya kitambulisho, mkae na mimi kwanza. Hayo yanahitaji kiapo cha majina kabla ya kitu kingine chochote. Wabeja sana.